Picha Zisizo na Mtu

Hamisi alinipigia simu asubuhi nikiwa uani kwangu hapa Laela, napepeta maharage. Hakuzunguka. "Yustina, Rukia ametutoka," akasema, ungo uko magotini. Ni mtu mzima mimi, nimezika wengi, nilidhani nimeshazoea. Thubutu! Nililia mpaka mjukuu wangu akaja mbio kuuliza kama nimeumwa na nyuki. Nikapanda basi siku hiyohiyo kwenda Sumbawanga, na nilipofika walikuwa wameshamzika, maana Waislamu hawamcheleweshi maiti. Nikakaa mkekani na wanawake wa nyumba ile, rozari yangu mfukoni, mabinti wakinong'onezana, "Huyu bibi wa Kifipa ni nani wetu?" Hamisi, kaka yake Rukia, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo na ndevu nyeupe, akawasikia. Akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichofungwa ndani ya foronya, akakiweka mapajani mwangu mbele ya watu wote. "Ndiye aliyezichora picha hizi," akawaambia. Wakaanza kuniuliza, nikawajibu kwa ufupi, kwa sababu msibani mtu hapigi hadithi ndefu. Hapa kwangu nina nafasi, na maharage yanaweza kungoja.

Mwaka nilipozichora nilikuwa msichana nisiye na mume wala haraka ya kumpata, na kazi yangu ilikuwa kuchora vitambaa. Anayekumbuka sebule za zamani anajua: kila kiti kilikuwa na kitambaa chake, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji una kitambaa, na juu yake limedariziwa ua au tausi. Kudarizi walijua wengi. Wa kuuchora ule mchoro kwa mkono, bila kunakili popote, walikuwa wa kutafuta, na mimi, nisijisifu sana, nilikuwa namba moja kuanzia kijijini kwetu Mollo hadi mjini Sumbawanga. Kazi zangu nilizipeleka dukani kwa Hamisi, akaniuzia. Siku moja mama yake, Bi Zuwena, akatoka nyuma ya pazia la duka, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta juu ya kanga kwa ajili ya baridi yetu, akashika kitambaa kimoja akakigeuza huku na huku. "Maua ya wenzako yamesimama," akasema. "Ya kwako yanapukutika. Kwa nini?" Nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Yanapukutika kwa sababu ndivyo maua yanavyofanya." Akakiweka kitambaa chini. "Marahaba. Umekula?" Sikuwa nimekula. Akanishika mkono akaniingiza ndani, na nadhani hadi leo sijatoka nyumba ile sawasawa.

Chumba chake kilikuwa upande wa uani, kina kitanda kirefu cha besera chenye nguzo nne, kasha la mbao lenye misumari ya shaba, na harufu ya udi iliyochanganyika na dawa ya kuchua kifua. Aliletwa Sumbawanga na mumewe kutoka Ujiji akiwa bibi harusi, na alisema kila mwaka kwamba upepo wa Ufipa utamuua, na kila mwaka ukashindwa. Siku ile tulikula wali wa bondeni na mchuzi wa samaki, migebuka iliyotoka Kasanga ziwani, tukala kwa mkono kwenye sinia moja, yeye akinisogezea minofu kama anayemlisha mgonjwa. Tulipomaliza akafungua kasha, akatoa karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaanza kunisomea utenzi alioutunga mwenyewe. Mimi nilikuwa nimezoea nyimbo za kanisani. Sikuwahi kumsikia mama mtu mzima akitamka kifo kwa sauti ya kubembeleza namna ile:

Muda huja ukapita,
hauna wa kuuita,
hauogopeshwi vita,
mwenda mbio husalia.

"Nataka unichoree," akasema. "Kila mlango wa utenzi, kila sura yake, na picha yake. Wakati, mauti, kaburi, akhera. Lakini usinichoree chenye roho. Mtu hapana, ndege hapana, mbuzi hapana." Nikacheka, nikidhani ananitania. "Bibi, kifo bila mtu? Sasa atakufa nani?" Akacheka na yeye mpaka kikohozi kikamkamata, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Akanionyesha dirishani kwa kidevu. "Atakayekisoma kitabu hiki ni yule pale."

Yule pale alikuwa Rukia, bintiye, mwanamke mkubwa kunizidi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ameegemeza shavu kwenye mkono. Homa ilimziba masikio akiwa mtoto mdogo, kabla hajajua maneno. Hakupelekwa shule, kwa sababu wakati ule huku kwetu shule ya kumpokea ilikuwa wapi? Nyumbani walizungumza naye kwa mikono, kwa lugha yao wenyewe: kidole shavuni ni chumvi, ngumi mbili zikizunguka ni lori, na lori lilikuwa pia jina la baba yake, marehemu Mzee Salumu, aliyekuwa na lori la mizigo la kwenda Kasanga. Mzee Salumu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Wanaume walikuja, wakamwosha, wakamfunika, wakambeba wakatoka naye kwa mlango ule wa nyuma, na wanawake wakabaki ndani kama ilivyo desturi yao, maana kwao mwanamke haendi kuzika. Rukia aliona baba yake akitolewa. Hakuna aliyemweleza alipelekwa wapi, kwa kuwa hakuna aliyejua amweleze kwa mikono ipi. Tangu hapo, kila jioni alikaa kwenye ngazi ile. Na akimwona mmoja wa wale wanaume waliobeba, hata kama yuko dukani ananunua sukari, alimvaa, akamshika mabega akamtikisa mpaka watu wawaachanishe. Mtaani walisema ana wazimu. Wengine walisema ana majini.

"Mimi moyo wangu umechoka," Bi Zuwena aliniambia siku ile, akijigusa kifua, na hakuwa akisema kwa mafumbo. Daktari alikuwa ameshamwambia. "Kufa siogopi, nimetuombea wewe na mimi tupate mwisho mwema. Ninachoogopa ni ngazi ile. Nikiondoka sijamweleza, atakuwa anasubiri watu wawili." Nilirudi Mollo jioni ile nikiwa na karatasi za kuchorea chini ya kwapa, upepo unataka kuninyang'anya, nimekasirika, sijui nimekasirikia nani. Ndivyo nilivyo mimi. Kitu kikiniuma, nakasirika kwanza.

Basi nikawa naenda. Naingia kwa mlango wa duka, napewa chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina, halafu nakaa sakafuni chumbani kwa Bibi na penseli zangu. Alinisomea beti, akanieleza maana, nikachora, akakataa, nikachora tena. Kwa mlango wa wakati nilimletea saa ya ukutani. "Rukia saa anaijulia wapi?" akauliza. Nikaleta mwezi unaopungua. "Mwezi unarudi. Muda haurudi." Nikashikwa na hasira, nikatoka uani kupunga upepo, na pale nikamkuta Rukia anafua mashuka ya nyumba nzima, sabuni imebaki kijipande cha kushika kwa kucha. Nikarudi ndani nikachora mche mzima wa sabuni, halafu nusu, halafu robo, halafu kijipande, halafu sahani tupu yenye povu kidogo. Tukamwita Rukia. Alizitazama picha zile moja baada ya nyingine, akafika kwenye sahani tupu, akapiga paja akacheka, cheko lake kubwa lisilojisikia lenyewe. Akaionyesha sahani kwa kidole, akaonyesha mikono yake iliyochubuka. Amesoma! Bi Zuwena aliniminya goti mpaka likauma.

Hamisi hakupenda. Nilimsikia siku moja nyuma ya pazia akimwambia mama yake, akidhani mimi nimeshaondoka: "Mama, unampa mateso bure. Mwache. Hajui, hana uchungu." Bi Zuwena akamjibu kwa upole kabisa, "Hana uchungu? Njoo jioni ukae naye pale kwenye ngazi." Hamisi akasema, "Na yule msichana ni Mkristo, anajua nini cha kaburi letu?" Ilinichoma, nisiseme uongo. Nilitaka kutokeza kichwa nimpe lake, nikajizuia kwa sababu ndiye aliyekuwa ananiuzia vitambaa.

Na wallahi, kama wasemavyo wenyewe, hakuwa amekosea. Nilipofika kwenye mlango wa mauti, Bi Zuwena alikuwa kitandani na homa, hakuweza kunisimamia. Alikuwa ameshanisomea ubeti wenyewe:

Mauti hana hasira,
hachagui wa imara,
huja kwa yake ishara,
mlango akafungua.

Nikachora nilichokijua. Nilichora mlango ule wa nyuma ukiwa wazi, nikachora sanduku limefunikwa kitambaa cha kijani, halafu shimo, halafu sanduku likiwa ndani ya shimo, halafu udongo umefunika. Kwetu mtu anazikwa na sanduku lake, limepigwa misumari, na kama familia ina uwezo linapakwa vanishi. Sikuwa nimewahi kufika kwenye mazishi ya Kiislamu hata siku moja. Sikujua kwamba wao marehemu huingia ardhini na sanda tu, na lile jeneza, machela ya mbao yenye miguu, hurudishwa msikitini kumngoja mwingine. Nikazianika picha zangu kitandani kwa Bibi, naye hajazitazama kwa homa, nimejaa fahari, nikamwita Rukia.

Aliutambua mlango. Akaligusa lile sanduku la kijani, na uso ukambadilika. Nikadhani sasa atalia. Hakulia. Akafuata kwa kidole mpaka kwenye shimo, akasimama, akakunja uso, akaanza kutikisa kichwa. Hapana. Akagonga sanduku lililo shimoni kwa kucha, hapana, hapana, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyedanganya. Halafu akanikamata kifundo cha mkono. Jamani, Rukia alikuwa na nguvu za kufua! Alinivuta akanipitisha uani, akanitoa kwa mlango wa nyuma, Bi Zuwena akiita "Hamisi! Hamisi!" na Hamisi akitoka dukani na kipimo cha mchele mkononi. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara, na ubavuni mwake kulikuwa na banda la kuwekea majamvi, halina mlango. Rukia akaniingiza humo. Lile jeneza limeegemezwa ukutani, tupu, miti yake imeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu. Akapitisha kiganja juu ya mbao zake kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kunionyesha kwamba hakuna kitu. Kisha akazungusha ngumi zake mbili: baba. Akaonyesha barabara, linakwenda limebeba. Akaonyesha ukuta, linarudi halina kitu. Akaniwekea kiganja kitupu mbele ya macho, akakitikisa.

Hamisi alikuwa amesimama nyuma yetu. Kile kipimo cha mchele kilianza kumwagika, hakuona. Yeye na mimi tulielewa kwa wakati mmoja. Dada yake hakuwa mjinga wala hakuwa na majini. Alikuwa ameishi maisha yake yote mbele ya lori linaloondoka na mzigo na kurudi tupu, na kila mtoto wa mwenye lori anajua kwamba likirudi tupu, mzigo umeshushwa mahali. Aliwaona wakipitisha lile jeneza pale mwaka mzima, linakwenda limejaa, linarudi tupu. Wale wanaume aliowatikisa mabega alikuwa anawauliza swali moja, na wote walijua jibu, na hakuna aliyemjibu. Mmemshusha wapi?

Jioni ile palikuwa na maneno chumbani kwa Bibi, na safari hii niliambiwa nikae. "Kuna njia moja tu," Bi Zuwena akasema. "Nitampeleka." Hamisi akasema, "Mama, wanawake hawaendi makaburini." "Hawaendi kuzika. Siku hiyo nani anazikwa?" "Watu watasema." "Walisema pia mtoto wangu alipokuwa kiziwi. Wamechoka?" Hamisi akajifuta uso. Akatoka akaenda kumuuliza imamu, na mimi nilikuwa nikisali Salamu Maria kimoyomoyo katika nyumba ya Kiislamu ili imamu akubali, na Mungu anisamehe kama ni kosa. Akarudi amechelewa, chakula kimeshapoa. "Amesema tuende. Tuwasalimie waliolala, tukumbuke na mauti yetu, tusipige kelele." Bi Zuwena akaitikia alhamdulillahi, akaomba maji ya kunywa.

Tulikwenda asubuhi, wakati wa ile baridi yetu ya Juni inayoingia hadi kwenye meno. Hamisi mbele, Rukia kamshika mama yake, mimi nyuma na mkeka. Kaburi la Mzee Salumu lilikuwa kichuguu cha udongo kilichoanza kushuka, na jiwe kichwani. Hamisi akasimama kando yake, akamtazama dada yake, akazungusha ngumi mbili, kisha akaonyesha chini. Hapa. Rukia akatazama udongo. Akamtazama kaka yake kuhakikisha. Kisha akapiga magoti akaanza kufukua kwa mikono.

Sikuwa nimelifikiria hilo, wala Hamisi hakuwa amelifikiria. Alimrukia kumzuia, na mama yake akasema, "Mwache!" kwa sauti ambayo sikujua anayo. Halafu Bi Zuwena, mgonjwa wa moyo, katika baridi ile, akauchukua mkeka mikononi mwangu, akautandika sambamba na kaburi, akajilaza kwa ubavu wa kuume kama wanavyolazwa maiti wao, akauelekeza uso kibla, akafumba macho. Hakusema kitu. Rukia aliendelea kufukua, kisha akamwona. Mikono ikasimama, imejaa udongo. Akamtazama mama, akatazama kichuguu, akamtazama mama. Upepo ulikuwa unavuma kwenye nyasi na mimi nilikuwa nasikia meno yangu. Ndipo Rukia akaanza kuurudisha ule udongo alioutoa, kiganja kwa kiganja, akaupapasa juu, akaupapasa na pembeni, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asiingiwe na baridi. Bi Zuwena akafumbua macho, akainua kidole kimoja kuelekea juu. Rukia akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akamwinua mama yake akamkung'uta majani. Hamisi alikuwa ametugeuzia mgongo, analia kama mtoto, na mimi sikuwa bora kuliko yeye.

Jioni ile kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Nilichana ile picha yangu ya sanduku, nikachora jeneza likienda na jeneza likirudi, nikachora kichuguu na jiwe, na juu yake Bi Zuwena akaandika ubeti ambao mpaka leo nikiusema peke yangu unanituliza, ingawa si wa dini yangu:

Kaburi chumba cha ndani,
kitanda cha udongoni,
alalaye si mgeni,
asubuhi humjia.

Ukabaki mlango wa akhera. Hapo nilikwama kabisa. Nikampa Bibi wazo la kwetu, tunavyolima matuta: majani tunayafukia chini ya udongo, yanaoza, na mwaka unaofuata mazao yanasimama juu yake. Nikaona nimepatia. Bi Zuwena akanitazama chini ya miwani. "Binti, mimi si majani. Majani hayaulizwi maswali." Tukacheka wote wawili, na Rukia akacheka kwa kuwa sisi tumecheka, halafu akaninyang'anya penseli. Hakuwa amewahi kushika penseli. Aliishika kama kisu cha kumenyea viazi, akachora mlango, umepinda, na mbele ya mlango akachora viatu. Ndala kubwa za baba, makubadhi ya mama, na ndala zake mwenyewe zenye ukanda uliofungwa kwa kamba. Katika nyumba ile kila mtu huvua viatu mlangoni. Ukipita ukaona viatu, unajua nani yupo ndani. Bi Zuwena akaishika karatasi ile kwa mikono miwili. "Wamo ndani wote," akasema. "Na sikuona chenye roho hata kimoja." Hakuniruhusu kuinyoosha hata mstari mmoja.

Wasichana wa msibani waliniuliza juzi kama picha zile zilimwondolea Rukia huzuni. Hapana. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba hakuna picha wala ubeti unaoondoa huzuni, na anayekuahidi hivyo ana kitu anauza. Bi Zuwena aliondoka mvua zilipoanza, alfajiri, amelala, bila kumsumbua mtu. Nilipofika, Rukia alikuwa amemlalia miguuni anatoa sauti nzito, na wanawake hawakuweza kumbandua. Sote tulikuwa tunaogopa saa ya kutoa maiti. Hamisi mwenyewe aliniita pembeni, macho mekundu. "Kaa naye karibu, Yustina. Akiwavaa, mshike." Nikamwambia nitamshika vipi mimi, Rukia huyu? Wanaume wakaingia, walewale waliombeba Mzee Salumu, wakanyanyua. Nikafunga mikono kiunoni mwa Rukia, nikajikaza. Hakuwavaa. Alisimama mlangoni akawatazama mpaka walipokata kona.

Kisha tukangoja. Mvua ilinyesha ikakatika. Wanaume wakaanza kurudi, na Hamisi akaingia kwa mlango wa nyuma, kanzu imelowa, mikono imejaa udongo mwekundu. Rukia akasimama. Na mimi nikainuka tayari kumkamata. Akamwendea kaka yake, lakini hakumshika mabega. Alichukua mikono yake miwili, akaigeuza, akautazama ule udongo, akaupangusa kwa pindo la kanga yake. Halafu akazungusha ngumi mbili: baba. Akalaza kidole kimoja mbele ya uso wa Hamisi, akakilaza kidole cha mkono wa pili, mama, ubavuni mwake, vikagusana, akamtazama machoni akisubiri.

Hamisi akainua vidole vyake viwili, akavilaza hivyohivyo, kimoja ubavuni mwa kingine.

Rukia akaitikia kwa kichwa. Akakaza kanga yake kiunoni, akaingia jikoni kuwasha moto, maana watu walikuwa hawajala.